Kivuli kwa skrini: ipime simu ya mtumba kabla hujatoa pesa

Umejinyima miezi kadhaa na sasa uko Luthuli Avenue, simu ya ex-UK mkononi. Haina mkwaruzo, kamera iko sawa, na bei inakufanya utabasamu. Kabla hujatuma M-Pesa, fanya jambo moja. Fungua picha ya kijivu tupu, ijaze skrini yote, kisha ongeza mwangaza hadi mwisho. Angalia juu pale saa hukaa, halafu chini pale kibodi hutokea. Rudia na nyekundu, kijani na bluu.

Ukiona herufi za kibodi zikikuchungulia kama mzimu, skrini hiyo imeungua. Mrudishie mwenyewe simu yake, au mteremshe bei hadi itoshe kununua skrini nyingine. Na usikubali kuonyeshwa picha ya maua yenye rangi kumi, maana hiyo huficha kila kitu.

Tunasema "kuungua" lakini hakuna moto hapo. Skrini ya OLED, ambayo Samsung huita AMOLED, ina mamilioni ya vidoti na kila kimoja hutoa mwanga wake. Kadiri kinavyowaka ndivyo kinavyozeeka, na vya bluu huchoka haraka kuliko wenzake. Vyote vingezeeka pamoja usingegundua kitu. Shida ni vile vidoti vilivyoonyesha alama ileile kutwa nzima. Vinafifia kabla ya majirani, na tofauti hiyo ndiyo kivuli unachokiona. Kwa hivyo kuwa makini na simu iliyokaa mbele ya gari ikionyesha ramani kila siku, na zaidi ile iliyokuwa ya maonyesho dukani.

Kwa watu wa iPhone: OLED ilianza na iPhone X mwaka wa 2017. XR na 11 zina LCD, ambayo mwanga wake hutoka kwa taa iliyo nyuma, kwa hivyo hapo presha ni kidogo.

Ugonjwa huu ni wa zamani kukuliko. Zile televisheni kubwa kama kabati, zilizorusha picha kutoka ndani hadi kwa skrini, nyingi zilikuwa na tyubu tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu. Tyubu hizo zililazimishwa kuwaka kwa nguvu ili picha ijaze inchi 50 na zaidi, na unga unaotoa mwanga ndani yake ulichakaa vibaya mahali palipokaa logo ya stesheni au mabao ya gemu. Hata ile mistari myeusi ya pembeni ilileta balaa, kwa sababu katikati palizeeka na pembeni pakabaki papya. Plasma zikarithi shida hiyohiyo. Ukiingia base ya gemu yenye plasma ya zamani, subiri wazime mechi. Huenda ukakuta dakika na mabao bado yako kwa kona.

Sasa, kama kivuli tayari unacho? Kwanza cheza video zinazobadilikabadilika kwa saa kadhaa. Kikipotea, kilikuwa cha muda tu. Kikibaki, hicho ni cha kudumu. Zile app za kuwasha rangi kama disko haziponyi kidoti kilichochoka. Zinachoweza ni kuvichosha vingine ili vifanane nacho, na hayo si matibabu. Dawa ni kubadilisha skrini. Muulize fundi kama anaweka OLED au LCD ya bei nafuu, maana kwa LCD nyeusi huonekana kama kijivu. Kwa simu iliyozeeka, mimi ningeishi na kivuli changu tu.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Punguza mwangaza, fanya skrini ijizime baada ya sekunde 30, tumia mandhari meusi, na ufiche vile vitufe vya chini.

Lakini kwa TV ya OLED kuna tabia yetu moja inayoumiza. Ukizima LG kwa rimoti baada ya kuitazama zaidi ya saa nne kwa jumla, hujirekebisha yenyewe kimyakimya ikiwa bado kwa stima, ikisawazisha vidoti vilivyochoka. Sasa sisi, tukihofia tokeni, tunazima rimoti na soketi kwa mpigo mmoja, kila usiku, na kazi hiyo haifanyiki kamwe. Zima kwa rimoti, iache nusu saa hivi, ndipo uguse soketi. Na ukiinunua leo, itoe kwa ile picha kali ya dukani kabla hata hujatafuta stesheni. Mwangaza ule umewekwa kushindana na taa za duka, kejani hauuhitaji.