Jibu Ndilo Lililowafunda Washairi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuatilia namna Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilivyofungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji, na namna magazeti ya baadaye, kama Mwafrika, Ngurumo na Uhuru, yalivyoirithi desturi hiyo. Msomaji aweza kudhani kwamba jambo kubwa hapo lilikuwa nafasi, yaani watu walitunga kwa kuwa palikuwa na mahali pa kuchapisha. Mimi nadai zaidi ya hapo. Kilichowafanya watunzi wale wawe jumuiya, na kilichowanoa hata wakaacha diwani tunazozisoma hadi leo, ni jibu. Aliyepeleka shairi gazetini alijua kwamba kabla ya siku nyingi kupita mtu asiyemfahamu, wa Ujiji au wa Tanga, angeweza kumjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, na kama shairi lake lilikuwa guni, yaani lilikosea vina au mizani, angeambiwa mbele ya wasomaji wote.

Tutazame kwanza kazi anayoifanya mwenye kujibu. Shairi la kawaida lina beti za mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, minane ya ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na minane ya utao, yaani kipande cha pili, na kila kipande kina kina chake. Anayetaka kulijibu hana budi kuihesabu mizani ya mwenzake, kuvishika vina vyake, kuuelewa msamiati wake na kulifumbua fumbo lake ikiwa amefumba. Hapo tayari amelisoma shairi lile kuliko mhakiki aliyelipitia mara mbili akaandika kwamba ni zuri. Kisha anatakiwa aseme jambo jipya ndani ya chumba kile kile alichojenga mwenzake, bila kubomoa ukuta. Sijui zoezi la uandishi lililo gumu kuliko hilo, na wale washairi walilifanya kwa hiari yao, kwa miaka mingi, bila mwalimu wala cheti.

Magazeti hayakulibuni jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na watu wa Lamu, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi, wakati miji hiyo miwili ikielekea kwenye vita vya Shela. Beti hizo zilipita baharini midomoni mwa watu, na zilibaki vichwani mwao muda mrefu baada ya Muyaka kufariki, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumfasiria mmisionari W. E. Taylor. Mhariri William Hichens alizichapa kama diwani mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi wake. Nionavyo mimi, kujibizana kulichangia sana zisipotee, kwani jibu halieleweki bila swali lake, na anayelihifadhi moja hulazimika kulihifadhi na la pili.

Hata hivyo ushahidi ulio mzito zaidi unatoka bara. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, mtu aliyefanya kazi ya ukarani na hatimaye uhakimu, na lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kigogo. Kaluta Amri Abedi na Saadani Kandoro walitoka Ujiji, ng'ambo ya nchi kutoka pwani. Mtoto wa Mombasa au Lamu aliyaokota mashairi kwa sikio, harusini na mitaani, akajua guni kabla ya kujua kusoma. Hawa wa bara walihitaji mahali pengine pa kufundwa, na mahali hapo palikuwa gazetini, kwa kutunga, kujibiwa na kukosolewa. Ndiyo maana naona si bahati tu kwamba kitabu kilichoandika kanuni za utunzi kwa utaratibu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954, kilitoka kwa Amri Abedi, mtu wa Ujiji. Jumuiya iliyokaa mji mmoja hutosheka na masikio ya wazee. Jumuiya iliyotawanyika nchi nzima, ambayo watu wake hawaonani, huhitaji katiba. Na katiba hiyo haikuwa na upendeleo: Amri Abedi aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, na Kandoro aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha TANU, walipimwa kwa mizani ile ile iliyompima karani wa bohari.

Desturi hii ilizama ndani ya watunzi kiasi kwamba upweke haukuweza kuing'oa. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, na akiwa kifungoni akatunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mle ndani mna shairi liitwalo Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo Alii na Badi wanazozana juu ya mnazi, huyu akisema na yule akijibu. Mtu aliyenyimwa wa kusema naye alijitungia pande zote mbili za malumbano. Kwake fikra ilikuwa haijakamilika mpaka ijibiwe.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba kanuni hizi ziliwafunga watunzi, na kwamba jumuiya ya washairi wa magazetini iligeuka kuwa polisi wa vina. Hoja hii ina uzito. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila kujali vina na mizani, alishambuliwa na wanamapokeo kwamba hayo aliyoandika hayakuwa mashairi kamwe, na wengine walikuwa wakali kupita kiasi. Lakini tuangalie mgogoro ule ulizaa nini. Uliulazimu kila upande kueleza unachokiamini. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakaonyesha kwa hoja kwamba ushairi ni mpana kuliko vina na mizani. Jumanne Mayoka akaja na Mgogoro wa Ushairi katika miaka ya 1980, akiitetea jadi. Nadharia ya ushairi wa Kiswahili tunayowafundisha wanafunzi leo ilikuzwa sana na ugomvi huo. Kezilahabi angepokewa kwa kimya, au kwa sifa za adabu tu, tungekuwa maskini zaidi. Mimi mwenyewe nasimama na wanausasa katika suala la vina, na bado nawashukuru waliowapinga.

Wengine watakumbusha kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 kurasa za mashairi magazetini zilijaa nyimbo za siasa, na ngonjera, yaani tungo za majibizano alizozikuza Mnyampala, zikawa kasuku wa chama. Nakiri kwamba mengi yaliyotungwa wakati ule hayafai kusomwa mara ya pili. Ila kasoro yenyewe inaunga mkono ninachosema. Katika ngonjera nyingi za aina hiyo mpinzani huwekwa ili ashindwe. Anauliza asichokiamini na kukubali kabla ya beti kwisha. Jibu lilipokuwa la kupangwa, sanaa ilikufa papo hapo.

Pingamizi linaloniuma ni la wanawake. Kurasa za mashairi zilitawaliwa na wanaume, na hilo haliwezi kufichwa. Si kwamba wanawake hawakuwa na kipaji cha kujibizana. Aliyehudhuria mipasho ya taarabu ya miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vikipambana jukwaani na Khadija Kopa akirudisha makombora, alishuhudia sanaa ya jibu katika kilele chake, ingawa maneno mengi yaliyoimbwa na wanawake hao yalitungwa na wanaume. Jumuiya iliyowaacha nje watu kama hao ilijinyima nusu ya nguvu zake, na yeyote atakayeifufua asirithi kosa hilo.

Siku hizi waandishi wetu hawana shida ya nafasi. Tungo zinapita simuni kila saa, na tuzo zimekuwapo, ikiwemo ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na ile ya ushairi iliyopewa jina la Ebrahim Hussein. Nazithamini tuzo hizi kwa dhati, kwa maana zimeleta vitabu. Lakini tuzo humpokea mtunzi akiwa peke yake, na asiyeshinda hurudi nyumbani bila kujua alikosea wapi. Huko simuni nako shairi hupewa kidole gumba na pongezi, kisha husahaulika jioni ile ile. Kijana wa leo anaweza kutunga miaka kumi asipate hata mara moja mtu wa kumwambia kwamba mshororo wake wa tatu umepungua mizani miwili.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa magazeti yaliyobakiza ukurasa wa mashairi wayachapishe majibu kando ya mashairi yaliyoyachokoza, na wawatafute wanawake kwa makusudi. Nawaomba pia waandishi wanaosomeana kazi zao waweke sharti jepesi, kwamba anayeleta shairi moja ajibu kwanza la mwenzake. Juma lijalo tutachambua kanuni za Amri Abedi moja baada ya nyingine, tuone ipi inafaa kubaki. Nawe msomaji unayeona nimekosea, nijibu kwa shairi, liwe la vina au lisilo na vina. Nitalisoma hadi herufi ya mwisho.