Kijana akiugua mlimani, ashuke

Katika mkutano wetu mama mmoja alitusimulia namna mtoto wake alivyorudi toka Nyiragongo akiwa amebebwa mgongoni. Alikuwa ameenda kubeba mizigo ya watalii. Jioni, kule juu, kichwa kilimuuma sana, akatapika, akakataa chakula. Wenzake wakasema ni malaria, wakampa kidonge, wakamfunika blanketi. Usiku akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na aliposimama akayumba kama mlevi. Hapo mkubwa wao akasema: tunashuka. Walipokaribia Kibati, kijana akaomba chai.

Haikuwa malaria wala uchawi. Ukipita mita 2,500 hivi hewa inakuwa nyepesi, na mwili unataka muda wa kuizoea. Goma yetu iko karibu mita 1,500. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470, na kuupanda huchukua siku moja tu. Wanaopanda Ruwenzori kutoka Mutwanga wakifika kilele cha Margherita wako mita 5,109, ambako hewa ni karibu nusu ya ile ya kando ya bahari. Na nguvu hazimkingi mtu. Yule anayebeba gunia la makala bila kupumzika naye huangushwa.

Dalili za kwanza zinakuja baada ya saa chache: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena hata hatua moja. Apumzike, anywe maji kidogo kidogo, ameze parasetamoli, afunikwe vizuri. Asipewe kasiksi, kanyanga wala vidonge vya usingizi. Asipopata nafuu, ashuke. Na babula isiwashwe ndani ya kibanda kilichofungwa, maana hewa ya makala nayo inaumiza kichwa, tena inaua.

Lakini akichanganyikiwa, akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, akihema hata akiwa amekaa, akikohoa povu lenye damu au midomo ikigeuka rangi, msingoje asubuhi. Ashushwe usiku uleule. Mzigo wake wabebe wengine, na akishindwa kutembea abebwe yeye. Asiachwe peke yake hata kidogo. Kushuka mita 300 hadi 1,000 kunaweza kumwokoa.

Wengine walituuliza kama hii siyo mazuku. Hapana. Mazuku inalala mabondeni na mashimoni, na aliye ndani yake anatakiwa kutoka apande pahali pa juu. Kwa ugonjwa wa mlima ni kinyume chake. Vijana wetu wajue tofauti hiyo kabla ya kufunga mizigo.

Akifika chini mpelekeni kituo cha afya, hata akisema amepona. Mwambieni muuguzi mapema kwamba alikuwa mlimani, alilala wapi na maumivu yalianza saa ngapi. Mama yule hakusema, na mtoto wake akaandikiwa tena dawa ya malaria.