Habari Isiyo na Sanadi



Zamani, katika mwambao wetu wa Kilwa, habari zilikuja kwa jahazi. Nahodha akishuka pwani aliulizwa: Umetoka wapi? Umeona kwa macho yako au umeambiwa? Na aliyekwambia ni nani? Leo habari haingoji upepo wala bandari. Yaingia mfukoni usiku na mchana kwa WhatsApp, Facebook na TikTok, nasi tumeliacha swali la wazee wetu.

Mwezi wa Julai mwaka 2022, mkoa wetu wa Lindi ulipatwa na mtihani. Katika wilaya ya Ruangwa watu walishikwa na homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani, na maradhi hayo hayakujulikana. Madaktari wangali wakipima, simu zilikwisha toa hukumu: huyu asema ni Ebola, yule asema ni laana. Sisi nasi, wala hatuoni haya kukiri, tulipokea sauti ya mtu tusiyemjua, akisema kwamba maradhi yamekwisha fika Kilwa, na kila atokwaye na damu puani akimbiwe. Tukaipeleka kwa wazazi wa wanafunzi wetu, tukidhani twawanusuru.

Jirani yetu mmoja, mzee mvuvi, hutokwa na damu puani mara kwa mara tangu ujana wake. Siku ya pili yake ikamtoka mbele ya watu. Kwa siku nne hakuna aliyepiga hodi kwake. Samaki wake hawakununuliwa, na mjukuu wake aliachwa peke yake pembeni mwa jamvi, katika chuo chetu wenyewe. Tulipomwendea mzee huyo kumwomba radhi, alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, habari hii uliipata kwa nani?" Hatukuwa na jibu.

Tarehe 18 Julai, Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba maradhi hayo ni homa ya mgunda. Vipimo vilikuwa vimekwisha onyesha kwamba si Ebola, si Marburg, wala si UVIKO-19. Wagonjwa waliojulikana walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki. Homa hii hutokana na vijidudu vilivyomo katika mkojo wa wanyama, hasa panya, vinavyochafua maji na udongo. Ni nadra kupita kutoka kwa mtu hadi mtu, na hospitali dawa yake ipo. Basi tulimwepuka jirani, ilhali kilichopasa kuepukwa ni panya na maji machafu.

Dini yetu haikutuacha gizani. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuichunguza habari tuletewayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba siku moja ilienea Madina habari kuwa Mtume (s.a.w.) amewaacha wakeze. Watu walikaa msikitini kwa huzuni. Sayyidna Umar hakuongeza neno katika maneno yao. Alikwenda akamwuliza Mtume mwenyewe, akaambiwa kuwa sivyo, ndipo akasimama mlangoni pa msikiti akawatangazia watu ukweli. Wanavyuoni wetu nao hawakuikubali hadithi mpaka wajue sanadi yake, yaani nani kaipokea kwa nani. Habari nyingi za simu hazina sanadi, ila tumezipokea kana kwamba zimetoka kwa wakweli.

Na upande wa pili una hatari yake. Aliyezoea uwongo huishia kuukataa hata ukweli. Mwezi wa Mei mwaka 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha juu ya kimbunga Hidaya, na tuliwasikia vijana wakisema kwamba hayo ni maneno ya simu tu. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia, na mvua yake ikaikata barabara ya Dar es Salaam huku kwetu Somanga. Mvuvi aliyeidharau tahadhari ile aliitia roho yake hatarini.

Kwa hiyo twawausia wazazi na vijana mambo haya. Habari ikija, uliza kwanza ni ya nani na ya lini. Ya maradhi, mwulize mganga wa zahanati. Ya bahari, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Usipopata wa kumwuliza, iache ikomee kwako. Na ukikwisha kuieneza ikadhihiri kuwa ni uwongo, usiifute kimya kimya. Warudie wale wale uliowapelekea, uwaambie kuwa umekosea.

Sisi tulifanya hivyo mbele ya wazazi wote, na yule mjukuu akarudi kukaa kati ya wenzake. Lakini zile siku nne za babu yake hatuwezi kumrudishia.

Wabillahi tawfiq.