Oili chafu haina kazi kwenye stendi ya pedi

Swali ni lilelile, huja karibu kwa maneno yaleyale: "Fundi, najitengenezea stendi ya mbao ya kuwekea pedi ya gemu na hedifoni mezani. Nipake oili chafu mara ngapi isiliwe na wadudu?"

Usipake hata mara moja.

Najua mlikoitoa. Nguzo za uzio na mbao za kenchi zimepakwa oili ya gereji miaka nenda miaka rudi. Lakini nguzo ya uzio huivai masikioni. Oili ya injini haikauki kama vanishi. Itahamia kwenye sponji za hedifoni, kwenye vitufe vya pedi, kisha kwenye vidole unavyolia chipsi huku unacheza. Tena iliyokwisha tumika ina chembe za metali na kemikali zinazoweza kuleta saratani. Ukishaipaka, gundi haishiki wala vanishi haishiki, na randa haitakusaidia pale ilipozama.

Na hata hao wadudu haiwapati! Mchwa wengi hutokea ardhini, si juu ya meza yako ya chumbani. Anayeacha vitundu na unga laini chini ya stendi ya mninga ni mdudu uliyemnunua pamoja na mbao. Mama yake alitaga ndani ya vinyweleo vya mbao, na buu linatafuna wanga huko ndani wakati wewe unahangaika na brashi juu. Anakula ule weupe wa pembeni tu, kiini hakigusi. Mnauziwa mbao yenye mstari mweupe kwa bei ya kutupa, mnashangilia, halafu mnaniuliza habari za oili. Kata weupe wote, tupa. Au nunua paini, ambayo mdudu huyu haishambulii kwa kuwa haina vinyweleo vya kutagia. Ila ziache zile za kijani za kenchi: dawa yake mara nyingi ina arseniki, na vumbi la msasa utalivuta wewe.

Haya, kazi yenyewe. Mbao kavu ya milimita 18, au plaiwudi. Pedi ya PS5 ina gramu 280 na upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo uzito si tatizo, tatizo ni stendi kupinduka: kitako kiwe sentimita 25 kwa 20. Tegemeo la hedifoni lipande sentimita 25, mgongo wake uuviringe. Toboa kwa drili kabla ya skrubu, mbao isipasuke. Tundu la waya lipitishe kichwa cha USB, si waya peke yake. Gundi nyeupe, ibane usiku kucha. Msasa namba 120, kisha 240, halafu vanishi ya maji mikono miwili.

Subiri wiki nzima kabla ya kutundika hedifoni. Vanishi changa hunata kwenye ngozi ya plastiki, na ikishanata hubanduka na ngozi yenyewe.