Chuma Kinachosamehe

Aliyewahi kuvuna viazi Molo anajua jembe linavyofanya likigonga jiwe kwa pembe. Mpini hujizungusha kiganjani, mikono hufa ganzi, na nguvu yote huishia hapo. Mchezaji wa gofu hupatwa na jambo lilo hilo, ila kwake hutokea haraka mno: mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takriban sekunde 0.0005 tu. Macho hayaoni chochote. Mikono ndiyo inayojua kwamba kichwa cha fimbo kimepinduka.

Kila kichwa kina kitovu cha uzito. Mpira ukigongwa mkabala na kitovu hicho, kichwa husonga mbele bila kugeuka. Ukigongwa karibu na ncha au kisigino, kichwa hujizungusha, mpira ukapoteza kasi na kwenda kombo. Zamani vyuma vya gofu vilifuliwa kama panga: vyembamba, mgongo bapa, uzito umejikusanya katikati. Fundi hodari alivipenda kwa sababu vilimtii. Mchezaji wa kawaida vilimwadhibu.

Aliyebadilisha mambo ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric huko Marekani. Alianza gofu akiwa na miaka 42, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni ikamsumbua. Mwaka 1959 akatengeneza yake, uzito ameusogeza kwenye ncha na kisigino. Ililia “ping” ikigusa mpira, na mlio huo ukawa jina la kampuni yake. Baadaye akapeleka wazo hilo kwenye vyuma: badala ya kufua, akamimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu, akauacha mgongo na shimo na uzito ukazunguka kando. Siri yake ni hesabu fupi. Uzito ukiuweka mbali na kitovu mara 2, ukinzani wake dhidi ya kugeuka huongezeka mara 4. Mtoto anayevuka mto juu ya gogo hutanua mikono kwa sababu iyo hiyo.

Mchezaji wa Molo ana sababu nyingine ya kutaka chuma kinachomsamehe makosa namna hii: nyasi. Nyasi ya kikuyu, hiyo tunayolishia ng'ombe, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ilisafirishwa hadi California, na leo ndiyo inayofunika uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambako mabingwa wa dunia huilalamikia. Vikonyo vyake hushikana kama mkeka. Fimbo ikipita ndani yake, hasa asubuhi yenye umande, nyasi huivuta na kuugeuza uso kabla haujaufikia mpira. Kichwa kigumu kugeuka hupita kikiwa kimenyooka zaidi. Unyayo wake nao uwe mpana kiasi, uteleze juu ya udongo mbichi kama pasi juu ya kitambaa badala ya kuzama. Mpana kupita kiasi pia haufai, maana utakwama katika nyasi ndefu.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha, nalo kwetu ni kubwa. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban robo tatu tu ya uzito wa hewa ya Mombasa. Mpira huenda mbali zaidi, ila pia hauinuliwi sana, kwa sababu ni hewa inayoubeba mpira unaojizungusha kinyumenyume. Hivyo njia yake huwa bapa, ukatua kwa mteremko mdogo na kukimbia. Vyuma vingi vya kisasa vya “kusamehe” vimesimamishwa ili vijisifu kwa umbali: chuma nambari 7, ambacho zamani kililala nyuzi 34 hivi, leo mara nyingi kina 30 au pungufu. Umbali huo mlimani tunao bure. Kinachotupungukia ni kimo. Kwa maoni yangu, anayecheza Njoro au kwenye miteremko ya Menengai pale Nakuru achague seti yenye mgongo uliochimbwa ambayo nyuzi zake hazijapunguzwa sana, hata kama ni mtumba. Umbo la mgongo halizeeki. Kagua mifereji ya uso isiwe imelika, na raba ya mshikio isiwe imekauka.

Kabla ya kutoa pesa, chukua kalamu ya ubao mweupe, paka wino nyuma ya mpira, upige, utazame alama iliyobaki usoni mwa chuma. Rudia mara 20 bila kufuta. Alama zote zikienea ndani ya sarafu ya shilingi 10, chuma chembamba kitakufaa. Zikitapakaa hadi ncha na kisigino, chukua kile chenye mgongo uliochimbwa.