Hisi za mtoto mwenye usonji: Tiba yake yafaa kiasi gani?

BAADHI ya watoto hawawezi kustahimili honi ya matatu, sweta ya shule inayowasha shingoni au harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Huziba masikio, huvua nguo na kupiga mayowe, huku majirani wakisema mama yao amewadekeza. Miongoni mwa watoto hawa wamo wenye usonji, na wanayoyafanya si utundu hata kidogo.

Usonji ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, ambayo daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mnamo 1943. Mtoto hutatizika kuzungumza na kuchangamana na wenzake, na hupenda mambo yawe yale yale kila siku. (Hausababishwi na uchawi, malezi wala chanjo, makala ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilibatilishwa na jarida la Lancet mwaka wa 2010.)

Shuleni sote tulikariri milango mitano ya fahamu. Kuna mingine: ule wa mizani, ulio ndani ya sikio, na ule wa misuli na viungo, unaokuwezesha kujua mkono wako ulipo hata gizani. Kwa mtoto mwenye usonji, mlango mmoja waweza kuwa wazi mno na mwingine umefungwa nusu. Ndiyo maana anayelia kwa sababu ya honi huweza kuzunguka kama pia bila kuchoka.

Wazo la kushirikisha hisi kadhaa katika tiba lilienezwa na Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1972. Mtoto hubembea huku akirusha mpira kikapuni, hutambaa, huruka, hukanda udongo.

Je, inasaidia? Lazima niseme wazi, kwa kuwa kuna wazazi wanaokopa pesa za chama kulipia vipindi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, watoto 32 walihusishwa, na waliopata tiba walifikia malengo waliyowekewa vyema kuliko wenzao. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wa watoto 138, uliochapishwa 2022, haukuona hasira na fujo zikipungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida.

Kwa maoni yangu, tiba hii haiponyi usonji. Kazi yake ni kumtuliza mtoto ili afundishike. Basi kabla ya kulipa hata shilingi, mwulize mtaalamu: tunataka mtoto aweze kufanya nini, na kufikia lini? "Atapata nafuu" si jibu. "Atakaa mezani dakika kumi kufikia mwisho wa mwezi wa pili" ndilo jibu. Muda huo ukipita bila mabadiliko, acha.

Mengi hufanyika nyumbani bila gharama. Kwa wiki moja, andika daftarini kila anapolia: palikuwa na sauti gani, harufu gani, mwangaza gani? Kisha ondoa kinachomkera. Kata lebo ya kola. Nenda naye sokoni mapema kabla ya umati. Halafu mpe anachotafuta. Anayejigonga ukutani apewe kazi nzito: kusukuma kapu la nguo, kukanda unga wa chapati. Mwingine aweza kufukua vijiko ndani ya beseni la mchanga, nawe ukimtajia: kijiko, baridi, laini. Hapo anaona, anashika na kusikia neno kwa pamoja. Usimrundikie mambo, wala usimlazimishe kugusa asichotaka.

Mtoto asiyeongea apimwe masikio kwanza, kisha apelekwe katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, maarufu kama EARC, ambavyo vilianzishwa 1984. Na ukiuziwa blanketi nzito ya kumtuliza, hakikisha anaweza kuiondoa mwenyewe, na isimfunike kichwa kamwe.