Kabla ya Kubadilisha Eksozi ya Pikapu Yako, Soma Haya

Hali ya hewa ya Nyandarua haina huruma na eksozi. Mvua ni nyingi, asubuhi ni za baridi, na pikapu nyingi za kubeba maziwa huenda safari fupi fupi kutoka kituo kimoja cha kukusanyia hadi kingine. Bomba halipati joto la kutosha kukausha maji yanayojikusanya ndani yake. Kutu huanzia ndani, na mwenye gari huigundua siku sailensa inapolegea njiani.

Hapo ndipo anapoenda kwa fundi wa jua kali na kuuliza bei. Ana haki ya kuuliza, kwa sababu eksozi asili ya kampuni ni ghali. Eksozi iliyoundwa na fundi, au kununuliwa kwa muuza spea, inaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Shida haiko katika kubadilisha. Shida iko katika vitu vinavyoachwa nje wakati bomba jipya linafungwa.

Moshi wa injini ya dizeli yenye turbo hupita turbo kwanza, kisha huingia katika kifaa ambacho mafundi wengi wa hapa nchini hukiita masega, kwa sababu ndani yake kina vishimo vidogo kama sega la nyuki. Kazi yake ni kubadilisha baadhi ya gesi zenye sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Pikapu za miaka ya karibuni huongezewa chujio la kunasa masizi. Baada ya hapo ndiyo huja sailensa na mkia wa bomba. Pikapu za zamani hazina chujio hilo, na nyingine hazina hata masega, kwa hivyo mwenye gari aulize lake lina nini kabla halijainuliwa kwa jeki.

Masega yana madini ya thamani, yakiwemo platinamu na paladiamu, na kuna wanunuzi wanaoyatafuta. Ndiyo maana mwenye gari anaweza kuambiwa kuwa masega “yameziba” na hayana faida, kisha akarudishiwa gari lenye bomba tupu. Ikiwa kweli yameziba, gari hukosa nguvu mlimani, na fundi mwenye kipimo cha mgandamizo wa moshi anaweza kulionyesha hilo. Mwombe akuonyeshe. Na yakitolewa, ni mali yako. Yadai.

Chujio la masizi nalo lina malalamiko yake. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na linahitaji moto mkali, wa karibu nyuzi 600 za selisiasi, ambao safari za kilomita mbili tatu haziuleti. Taa ya onyo ikiwaka, watu hukimbilia kulitoa. Mara nyingi, kabla halijaziba kabisa, kuendesha gari kwa mwendo wa wastani usiokatika kwa nusu saa hivi, tuseme katika lami ya Gilgil hadi Nyahururu, hutosha kulisafisha. Kitabu cha gari kitaeleza utaratibu wa gari lako.

Kwa nini haya yamhusu mtu asiye na gari? Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta zaidi ni muuza viazi kando ya barabara, mtoto anayetembea kwenda shule, na kibarua aliyeketi nyuma ya pikapu chini ya turubai. Sheria hairuhusu pikapu ya mizigo kugeuzwa matatu, lakini kila mtu anajua kinachoonekana alfajiri wakati wa kuvuna viazi. Mkia wa bomba ukikatwa mfupi, ukaishia chini ya sakafu ya pikapu, moshi huvutwa ndani ya turubai gari linapotembea. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkia upite mwisho wa bodi ya gari, bila ubishi.

Kazi yenyewe ya kufunga haina siri, ila inataka subira. Injini iachwe ipoe. Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi imara. Jeki pekee haimlindi mtu aliye chini. Nati zilizoshika kutu zipakwe mafuta ya kulegeza saa kadhaa mapema, kwa maana stadi ikikatikia kwenye turbo, kazi ya asubuhi hugeuka kuwa ya siku mbili. Gasketi za zamani zisirudishwe. Bolti zisikazwe kabisa mpaka bomba lote lining'inie sawasawa kwenye raba zake, mbali na mabomba ya breki, waya za umeme na tangi la dizeli. Kipande kinachojikunja karibu na injini kisibadilishwe kwa bomba gumu, kwa kuwa injini hutikisika na bomba gumu litapasuka. Kabla ya kuchomelea, fundi atoe waya za betri ili asiharibu kompyuta ya gari. Na asitumie bomba la maji lililopakwa zinki: moshi wake ukivutwa wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na kutetemeka jioni hiyo hiyo.

Kuna wanaotaka bomba pana la inchi 3 kwa kuamini kwamba litaongeza nguvu. Katika injini ya turbo bomba pana hupunguza msukumo wa kurudi nyuma, lakini bila marekebisho mengine faida huwa ndogo. Kinachoongezeka hasa ni kelele. Wala eksozi mpya haitibu moshi mweusi. Huo hutokana na nozeli, chujio la hewa lililojaa vumbi, au mzigo uliozidi, na katika nyanda za juu kama zetu, ambako hewa ni nyepesi, huonekana upesi zaidi.

Kanuni za Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinakataza kelele zinazosumbua watu. Jedwali la Nne la Katiba nalo linaipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, kwa hivyo mkazi anayesumbuliwa na gari la jirani anaweza kupeleka lalamiko katika ofisi ya wadi yake. Pikapu za biashara hupitia ukaguzi wa NTSA kila mwaka, na bomba linalovuja ni sababu ya kurudishwa.

Uvujaji ni rahisi kuupima. Washa injini ikiwa baridi, mahali penye hewa ya kutosha, mtu mwingine azibe mkia kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, kisha sikiliza viungo vyote kama kuna mlio wa hewa. Baada ya siku chache, gari likiwa limepata joto na kupoa mara kadhaa, angalia alama nyeusi za masizi kwenye viungo, halafu rudi kwa fundi bolti zikazwe tena.